Virginia McKenna: Mwigizaji wa Simba Wawili

Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipogawa kazi za jarida hili, mimi aliniambia niandike somo kuhusu uigizaji. Nadhani alinichagua kwa sababu katika mazoezi ya mchezo wetu wa tamasha nilikuwa na mdomo kuliko wote, hata baada ya mhusika wangu kufa. Nikamwuliza, "Mwalimu, nimwandike nani?" Akasema nimtafute mwigizaji mmoja, nimfuate maisha yake jukwaani na katika sinema, kisha niwaeleze wenzangu kazi hiyo hufanywa vipi.

Nimemchagua Mwingereza. Najua wengine mtanuna. Katika mkutano wetu mwanachama mmoja wa kidato cha nne alisimama akasema, "Mbona mzungu? Kwani waigizaji wetu wamekwisha?" Hawajakwisha. Lakini mwanamke huyu, Virginia McKenna, aliigiza katika sinema mbili kubwa za nchi yetu ambazo ndani yake mna simba. Simba wa kwanza hakuwa mnyama. Wa pili alikuwa mnyama hasa, mwenye makucha. Kati ya simba hao wawili kuna mambo ambayo nilipoyasoma yalinikosesha usingizi, nami nimeona si haki nikae nayo peke yangu.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Mhusika ni yule aliye ndani ya hadithi. Mwigizaji ni mtu wa nyama na damu anayejitia katika nafsi ya mhusika huyo mpaka watazamaji wasahau kwamba yeye ana kwao. Ukiandika katika mtihani kwamba "mhusika Virginia McKenna aliishi na simba", kalamu nyekundu itakupitia. Mhusika ni Joy Adamson, mwigizaji ni Virginia. Mavazi ya mchezo huitwa maleba. Anayewaonyesha waigizaji wasimame wapi na waseme namna gani ni mwelekezi. Basi, kwa maneno hayo machache twaweza kwenda.

Virginia McKenna alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alipelekwa Afrika Kusini, akakaa huko miaka 6, akarudi Uingereza akiwa msichana wa miaka 14. Baadaye aliingia katika chuo cha uigizaji kilichoitwa Central School. Siku hizo chuo hicho kilikuwa ndani ya jumba kubwa la muziki la London, Royal Albert Hall. Huko mwanafunzi hafundishwi kulia machozi ya uongo kama tunavyodhani. Hufundishwa kupumua, kutamka, kutembea na kusimama. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwigizaji wa jukwaani wakati ule hakuwa na kipaza sauti. Alipaswa kunong'ona mnong'ono ambao mtu aliyekaa kiti cha mwisho ghorofani angeusikia, na bado uwe mnong'ono. Jaribuni siku moja katika ukumbi wetu wa mabati mvua ikinyesha, mtajua hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Kutoka chuoni alikwenda Dundee, mji ulioko Scotland, akajiunga na kikundi cha kudumu cha ukumbi wa huko. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa tanuri. Usiku mnaonyesha mchezo huu, mchana mnafanya mazoezi ya mchezo ujao, na kichwani mwako maneno ya mhusika wa zamani bado hayajatoka. Leo u malkia, juma lijalo u mtumishi unayebeba chai na kusema sentensi moja tu. Virginia alikaa huko miezi 6 hivi, na haikupita muda akaitwa London. Mwaka wa 1951 aliigiza katika mchezo wa John Whiting uitwao A Penny for a Song, na mwaka huohuo akawa Perdita katika The Winter's Tale ya Shakespeare, jukwaa moja na John Gielgud, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa Uingereza wa karne ile. Alikuwa na miaka 20 tu!

Sisi wanafunzi wa Kiswahili Shakespeare si mgeni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere alimtafsiri, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Perdita hakutafsiriwa na Mwalimu. Ni mtoto wa mfalme aliyetupwa akiwa mchanga, akalelewa na mchungaji wa kondoo bila kujua asili yake. Mwigizaji hapo ana kazi ngumu, kwa maana sharti awe msichana wa kijijini na binti wa mfalme kwa wakati mmoja, na asimwonyeshe mtazamaji kwamba anajitahidi. Miaka michache baadaye, katika msimu wa 1954 na 1955, Virginia alikuwa katika ukumbi maarufu wa Old Vic akiigiza Shakespeare tena, akiwemo Rosalind, yule msichana anayevaa maleba ya kiume na kutoroka mwituni.

Lakini kabla ya Old Vic alikuwa ameshaonja sinema, na sinema ni ulimwengu mwingine. Jukwaani hadithi huanza mwanzo ikaisha mwisho. Katika sinema waweza kupigwa picha ya kifo chako Jumatatu na ya harusi yako Ijumaa, kwa sababu kanisa lilikodishwa Ijumaa. Jukwaani unapaza uso kama unavyopaza sauti. Mbele ya kamera, ukikunja kipaji kidogo tu, kunja hiyo itaonekana kubwa kama mlima ukutani. Wengi waliozoea jukwaa hushindwa hapo. Virginia hakushindwa. Mwaka wa 1953 watu walimwona katika The Cruel Sea, hadithi ya mabaharia wa vita, na uso wake uliotulia ukawakaa moyoni.

Sasa nifike kwa simba wa kwanza. Mwaka wa 1955 ilitoka sinema ya Kiingereza yenye jina la Kiswahili, Simba. Mtu akisikia jina hilo hufikiri ataona mbuga na wanyama. La! Simba wa sinema hiyo ni jina la kiongozi wa Mau Mau. Kumbukeni tarehe, wenzangu wa somo la Historia. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na haikuondolewa mpaka mwaka wa 1960. Kwa hiyo sinema hiyo ilipokuwa ikionyeshwa London watu wakila peremende, hapa watu walikuwa katika kambi za kizuizini, na Dedan Kimathi alikuwa bado msituni. Alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957.

Virginia aliigiza Mary, binti wa mlowezi. Dirk Bogarde aliigiza kijana anayefika kutoka Uingereza akakuta ndugu yake ameuawa. Sehemu kubwa ya maigizo ilipigwa katika studio za Pinewood karibu na London, na picha za mandhari ya huku zikaunganishwa. Ni sinema iliyotazama mambo kutoka barazani kwa mlowezi. Wapiganaji humo hawana hoja, wana mapanga tu. Hatuambiwi ni nani aliyekuwa na ardhi ile kabla baraza haijajengwa. Niliitafuta sentensi moja tu juu ya mashamba yaliyotwaliwa yenye uzito sawa na kilio cha walowezi, nikaikosa.

Hata hivyo mimi sikuweza kuitupa moja kwa moja, kwa ajili ya mhusika mmoja, Daktari Karanja. Aliyemwigiza ni Earl Cameron, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda. Karanja amesoma, anawatibu watu, walowezi hawamwamini kwa kuwa ni Mwafrika na Mau Mau hawamwamini kwa kuwa amekaa na wazungu. Baba yake mzazi, ambaye aliigizwa na Orlando Martins kutoka Nigeria, yuko upande wa wapiganaji. Mwishowe Karanja anauawa akijaribu kusimama katikati. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na Karanja ni nyasi yenye stethoskopu shingoni. Wakati ule ilikuwa nadra sana mwigizaji mweusi kupewa katika sinema ya Uingereza mhusika mwenye akili na huzuni yake mwenyewe. Cameron alimbeba vizuri kiasi kwamba, nionavyo mimi, yeye ndiye anayebaki kichwani baada ya sinema kuisha, wala si Virginia. Virginia hapo anapendeza tu. Hakupewa mengi ya kufanya.

Mwaka uliofuata alipewa, na wote wakaona alichokuwa nacho. Sinema ya A Town Like Alice, iliyotoka mwaka wa 1956, ilitolewa katika riwaya ya Nevil Shute. Virginia ni Jean, Mwingereza aliyekamatwa na wanajeshi wa Japani huko Malaya pamoja na wanawake wengine na watoto. Hakuna kambi inayotaka kuwapokea, basi wanatembezwa kwa miguu kutoka mji hadi mji, na njiani mmoja mmoja wanakufa. Ukimtazama mwigizaji huyo mwanzoni na mwishoni utadhani ni watu wawili. Anaanza na kofia safi na viatu, anamaliza pekupeku, mtoto wa marehemu ubavuni. Alipata tuzo ya Chuo cha Filamu cha Uingereza ya mwigizaji bora wa kike wa nchi hiyo, na mwenzake Peter Finch akapata ya kiume. Sinema hiyohiyo iliondolewa katika tamasha la Cannes mwaka wa 1956 kwa kuogopa kuwaudhi Wajapani. Kumbe hata wakubwa huwa wanaogopa mchezo wa kuigiza!

Mwaka wa 1958 akamwigiza Violette Szabo katika Carve Her Name with Pride. Huyu alikuwa mtu wa kweli, mama wa mtoto mmoja wa kike, ambaye mumewe aliuawa vitani mwaka wa 1942. Akajitolea kuwa jasusi, akashushwa Ufaransa kwa mwavuli, akakamatwa na Wajerumani na kuuawa katika kambi ya Ravensbrück mwaka wa 1945. Alipewa nishani ya George Cross akiwa marehemu, ikapokewa na binti yake mdogo. Kumwigiza mtu aliyeishi kuna mzigo ambao kumwigiza Perdita hakuna. Perdita hana mama wa kuja kukuuliza, "Mwanangu alikuwa hivyo?"

Katikati ya sinema hizo za machozi aliigiza moja ya kuchekesha, The Smallest Show on Earth, mwaka wa 1957, juu ya mume na mke wanaorithi jumba bovu la sinema karibu na reli, ambalo hutetemeka lote treni inapopita. Yule mume ni Bill Travers, na hakuwa mumewe kwenye picha tu. Virginia alikuwa ameolewa kwanza na mwigizaji Denholm Elliott mwaka wa 1954, ndoa hiyo haikudumu, na mwaka huo wa 1957 akaolewa na Bill. Walizaa watoto 4, wakakaa pamoja mpaka Bill alipofariki mwaka wa 1994.

Haya, simba wa pili. Hapa nitakaa kidogo kwa maana ndipo kwetu.

Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, afisa wa wanyama wa wilaya ya kaskazini, alishambuliwa na simba jike akampiga risasi. Baadaye ndipo alipotambua kwamba yule simba alikuwa akilinda watoto wake, wote watatu wa kike. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, akabaki Isiolo na George na mkewe Joy. Wakamwita Elsa. Alipokua walimfundisha kuwinda, wakamwachia huru Meru. Alizaa huko na simba wa mwituni, akafa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Kaburi lake liko Meru, karibu na mto Ura. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka wa 1960 na kusomwa dunia nzima.

Ilipoamuliwa kipigwe sinema, walioitwa kuwaigiza Joy na George ni Virginia na Bill. Walikuja Kenya na watoto wao wakakaa miezi mingi, na picha zikapigwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Hapa ndipo somo la uigizaji linaponoga. Mwanzoni waliletwa simba wa sarakasi, waliozoea kuamriwa na mfunzaji. Hao hawakufaa kwa hadithi ya urafiki. George Adamson mwenyewe ndiye aliyekuwa mshauri wa mambo ya simba, naye alishika njia nyingine, ya kwamba waigizaji wazoeane na simba wasio wa sarakasi. Kila siku walitembea nao, wakacheza nao, mpaka simba akaijua harufu na sauti ya Virginia. Simba hasomi kiigizo. Huwezi kumwambia, "Sasa lala hapo uonekane una huzuni." Kamera inangoja, mwelekezi James Hill anangoja, jua linapanda, na mwigizaji lazima awe tayari wakati wowote, kwa maana simba akifanya jambo zuri hatalirudia. Na humo usidhani Elsa ni simba mmoja. Aliigizwa na simba kadhaa.

Mmoja wa simba waliotumika, dume aliyeitwa Boy, alimrukia Virginia mapema kabisa akamvunja kifundo cha mguu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa akicheza. Virginia alipopona alirudi kwao. Mimi katika mchezo wetu wa tamasha niliangukiwa na pazia nikataka kuacha.

Nataka pia mwajue Peter Lukoye na Omar Chambati. Hao ndio walioigiza Nuru na Makedde, wasaidizi wa akina Adamson. Nuru wa kweli ndiye aliyekuwa mlezi wa wale watoto wa simba siku hadi siku. Katika sinema yeye na mwenzake wanachekesha mara nyingi kuliko wanavyofikiri, jambo ambalo si kosa la waigizaji. Waandishi ndio waliogawa maneno hivyo. Watazameni hata hivyo. Lukoye anapombeba mtoto wa simba huoni kama anaigiza kabisa.

Sinema ilionyeshwa London Machi 1966, ikafuzu ajabu. Muziki wake, uliotungwa na John Barry, ulipata tuzo mbili za Oscar. Nami niliitazama katika chumba cha Jiografia, runinga juu ya meza mbili. Sisi wa kutwa tunaotoka mbali tuliondoka kabla ya mwisho kwa sababu ya giza, nikaimaliza juma lililofuata. Kwa siku saba sikujua kama Elsa angerudi kuwaonyesha watoto wake.

Kwetu si mbali na mpaka wa mbuga ya Meru. Nyanya yangu ana shamba huko, na msimu mmoja ndovu waliingia usiku wakala mahindi yote yaliyokuwa karibu kuvunwa, wakaacha mashina na nyayo zilizojaa maji. Karo yangu ya muhula ule ilikuwa katika yale mahindi. Kwa hiyo niliposimulia nyumbani habari za mzungu anayelia kwa ajili ya simba na ndovu, nyanya alinitazama akauliza, "Na sisi analia lini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kusoma zaidi kwa sababu ya swali hilo.

Nilichokikuta ni hiki. Sinema ilipokwisha, wenye mali waliwapeleka wengi wa wale simba katika bustani za wanyama huko ng'ambo. Hebu fikirini. Simba walioigiza hadithi ya uhuru, wakafungwa! Akina Adamson na akina Travers waliomba sana, wakapewa watatu tu, Boy, Girl na Ugas, ambao George aliwaachia Meru. Virginia na Bill walisema kwamba baada ya hapo hawakuweza kuwatazama wanyama kama zamani. Walitengeneza filamu nyingine juu ya hao watatu, The Lions Are Free. Mwaka wa 1970 wakasaidia kumleta kwa George, huko Kora, simba aitwaye Christian, aliyekuwa amenunuliwa katika duka kubwa la London kama mtu anavyonunua kuku.

Lakini kuna ukurasa ambao watu hupenda kuuruka. Mwaka wa 1971 huko Kora, Boy, yuleyule wa sinema, alimwua mfanyakazi wa George aliyeitwa Stanley. George akampiga Boy risasi. Stanley hana sinema wala wimbo. Nimemtaja hapa kwa ajili ya nyanya. Joy aliuawa na mtu huko Shaba Januari 1980, na George akauawa na majangili Kora Agosti 1989.

Jambo lililomtoa Virginia kutoka mwigizaji apendaye wanyama hadi mpiganiaji wao halikuwa simba bali ndovu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na Bill walipiga sinema Tsavo. Humo alikuwemo mtoto wa ndovu, jike, aliyekamatwa porini ili awe zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Jina lake lilikuwa Pole Pole. (Mwalimu wetu wa sarufi atasema polepole ni neno moja. Ni kweli, lakini lake liliandikwa mawili, nami sitamsahihisha marehemu.) Walipomzoea waliomba aachwe akae na David Sheldrick, mlinzi wa Tsavo. Wakajibiwa kwamba akiachwa yeye, atakamatwa mwingine badala yake. Wakanyamaza, maana watamtoa nani porini? Pole Pole akapelekwa London.

Mwaka wa 1982 wakasikia hali yake ni mbaya, wakaenda kumtazama. Ilikuwa imepita miaka 13 hivi. Walisimama wakamwita kwa jina, naye akaja akanyoosha mkonga mpaka ukafika mikononi mwao. Mwaka uliofuata, katika maandalizi ya kumhamisha, aliwekwa katika sanduku la kusafirishia, akaanguka, akafa. Ndovu huweza kuishi miaka 60. Yeye hakufika 20.

Mwaka wa 1984 Virginia, Bill na mwana wao Will walianzisha shirika la kuchunguza hali ya wanyama katika bustani, Zoo Check. Mwaka wa 1991 likawa Born Free Foundation, na lina kazi hapa Kenya pia. Nimesoma kwamba siku hizi mashirika ya wanyama, likiwemo hili, yanahimiza pia kazi ya kuwasaidia watu wanaoishi na wanyama, kama kujenga mazizi ambayo simba hawezi kuyavunja. Nilimweleza nyanya. Akasema zizi ni zuri, ila ndovu hali mbuzi.

Msidhani aliacha jukwaa. Mwaka wa 1974 aliigiza mama katika Swallows and Amazons, na katika runinga akawa mke wa Winston Churchill. Mwaka wa 1979, akikaribia miaka 50, alipanda jukwaa la London Palladium katika The King and I, mchezo wa nyimbo, akiwa mwalimu Anna mbele ya Yul Brynner aliyeigiza mfalme wa Siam. Brynner alikuwa amemwigiza mfalme huyo mara elfu na zaidi, yule mchezo ulikuwa kama nyumba yake. Kusimama karibu na mtu kama huyo, kuimba, kucheza dansi ukiwa na gauni pana kama hema, na usifunikwe! Hakufunikwa. Alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa nyimbo, ile ambayo sasa inaitwa Olivier. Mimi naihesabu tuzo hiyo kuwa kubwa kuliko ya 1956, kwa sababu hapo hapakuwa na kamera ya kumsaidia.

Katika orodha ya heshima ya Mwaka Mpya wa 2023 alipewa cheo cha Dame. Ukisoma sababu iliyoandikwa, utaona ni kazi yake kwa ajili ya wanyama wa porini. Uigizaji haukutajwa. Sijui kama angefurahi au angenuna. Mimi ningenuna kidogo.

Nimebakiza kazi ya chama. Jina Born Free litafsirini kwa Kiswahili sanifu. Mmoja wetu alisema "Kuzaliwa Huru", mwalimu akauliza, "Nani huyo?" Mwingine akasema "Mzaliwa Huru", jina linalofaa mgombea ubunge. Mimi nilipendekeza "Aliyezaliwa Huru", kwa kuwa Elsa alizaliwa porini kweli, akatwaliwa, kisha akarudishiwa kilichokuwa chake. Nikaambiwa ni refu, halitatosha kwenye bango. Leteni yenu katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao, Jumatano saa kumi, chumba kilekile cha Jiografia. Wa kutwa tutaanza mapema ili tusitoke kabla ya mwisho.